Mlima wa Kilo Tisa

Mlima wangu wa kwanza wa reli ya mfano, yaani reli ndogo ya mezani, ulikuwa na kilo 61. Niliupima siku ya kuhama, kwa mizani ya magunia ya jirani anayenunua mahindi hapa Iyunga, Mbeya, kwa sababu mwenye kirikuu alikataa kutaja bei kabla hajajua anabeba nini. Tuliuinua watu wanne. Urefu wake ulikuwa mita 1.2, upana sentimita 60, na ndani mlikuwa na wavu wa kuku, saruji, mchanga wa mtoni na jioni zangu za miezi saba. Tulipofika nyumba mpya, ufa ulikuwa umekata handaki kutoka juu hadi chini, na mguu mmoja wa meza ulikuwa umeachia. Reli yenyewe haikuguswa. Niliing'oa kwa bisibisi, nikaisafisha, nikaiweka kwenye boksi la viatu. Mlima tuliuvunja kwa nyundo, vipande vikaenda kujaza shimo pale getini.

Sasa ninao mwingine. Ni mkubwa kuliko ule: urefu mita 1.8, mahandaki mawili, daraja la nguzo tatu na ubavu mzima wa mipaina. Una kilo 9 na robo. Jumamosi asubuhi, jua likishapasha baraza, tunautoa nje mimi na binti yangu aliye darasa la sita, kila mmoja kashika upande wake, na tunapiga soga tukiwa tumeubeba.

Naandika jinsi uzito ule ulivyoisha kwa sababu nilipoteza miezi saba kwa kutojua jambo ambalo mafundi wengi wa mji huu wanalijua na wanalifanya kila siku. Sitaki mwingine apoteze yake.

Reli ninayoijenga ni TAZARA, na si yote. Reli nzima ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976. Mimi nimejichagulia kipande kimoja tu kati ya Mlimba na Makambako, pale treni inapoliacha bonde la Kilombero na joto lake na kuanza kuupanda ukuta wa Nyanda za Juu. Aliyesafiri humo mchana anajua. Unatoka kwenye mashamba ya mpunga, unaingia gizani, unatokea kwenye mwanga juu ya korongo, hujamaliza kushangaa unaingia tena gizani. Ukifika Makambako unatafuta sweta. Karibu theluthi ya kazi nzito ya reli nzima, yaani madaraja, mahandaki na matuta, imerundikana hapo. Daraja la mto Mpanga lina nguzo tatu zenye kimo cha mita 50. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na sijaona mahali pengine ambapo sura ya nchi na kazi ya mikono ya watu zimebanana namna ile.

Kabla ya mlima kuna hesabu, na hesabu hii ni tamu. Geji ya TAZARA, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ni milimita 1,067, ile ile ya Zambia na ya Afrika Kusini, wakati Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Gawanya 1,067 kwa 120, unapata 8.9. Na reli za mfano za geji ya milimita 9 zinatengenezwa kwa wingi duniani, kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye kipimo kiitwacho N. Kwa hiyo ukijenga kila kitu kwa kipimo cha 1 kwa 120, reli ya dukani inakuwa TAZARA karibu kamili, tofauti yake haionekani kwa jicho. Njia hii wanaitumia wajenzi wa New Zealand, ambao reli zao zina milimita 1,067 kama zetu. Kilichobaki kwangu kilikuwa kupaka mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, rangi ya kijivu, maana ya TAZARA ni ya zege na yale ya dukani yana rangi ya mbao.

Kwa kipimo hicho nguzo ya Mpanga inakuwa na sentimita 42, dhiraa moja kasoro kidogo. Handaki la nusu kilomita linakuwa na mita 4 na ushee, refu kuliko chumba ninachojengea. Haiwezekani kuleta nchi yote mezani. Unachagua: korongo hili, nguzo hizi, ubavu huu. Nafasi kati ya nguzo nimezifupisha, mahandaki yangu ni midomo tu yenye kina cha mkono mmoja. Lakini kimo cha nguzo sikukigusa hata milimita, kwa sababu kimo ndicho kinachomfanya abiria ashike kiti.

Na hapo ndipo uzito unapoingia. Meza ya mita 1.8 kwa sentimita 60, yenye milima ya wastani wa sentimita 30, ukiijaza jipsam tupu itapita kilo 300. Hakuna anayefanya hivyo, ni kweli. Ila hata ganda la saruji la sentimita 2 ni kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na mimi nilifanya hilo hasa. Nimekulia kwenye nyumba ya tofali za kuchoma. Kwangu kitu imara kilikuwa kitu kizito, na sikuwahi kuliuliza wazo hilo swali lolote.

Aliyeniuliza ni fundi wa dari. Nilikwenda kwenye kibanda chake karibu na Mwanjelwa kununua mifuko minne ya jipsam ya unga, nikamkuta anamimina mikanda ya pembeni ya dari, ile yenye maua. Nikasimama kuangalia. Alimwaga jipsam nyembamba kama uji kwenye kalibu, akachukua nyuzi za katani, akazitandaza kwa vidole kama mtu anayechambua pamba, akamwaga tabaka la pili juu yake, akasawazisha. Baada ya dakika chache akauinua mkanda mzima wa mita mbili kwa mikono miwili, akaupitisha juu ya kichwa changu, akauegemeza ukutani. Haukupinda. Unene wake haukufika sentimita 1.

Nilimwambia ninachojenga na kwamba cha kwanza kilipasuka. Akaokota kipande cha jipsam kilichokauka pembeni mwa ndoo, kisicho na katani, akakivunja kwa vidole viwili. "Mwalimu, jipsam peke yake ni biskuti," akasema. "Nguvu iko kwenye nyuzi. Jipsam kazi yake ni kuzishika zisiondoke."

Nilirudi nyumbani na mfuko mmoja badala ya minne niliyokusudia.

Tangu siku ile nauona mlima wa mfano kama ganda la yai. Ndani hauna kitu na hauhitaji kitu. Unahitaji umbo, kwa sababu kitu kilichopinda kinajibeba chenyewe kuliko kilicholala, na unahitaji nyuzi zinazovutana kila upande. Mengine yote ni ngozi.

Mifupa ya ganda langu ni maboksi. Yanapatikana bure kwenye maduka ya jumla, na yale ya mafuta ya kula ndiyo bora, ni magumu. Nayakata kuwa mikanda ya upana wa vidole viwili, nikifuata mistari ya boksi ili yasivunjike vibaya. Kwanza nasimamisha mikanda ya kushuka, kutoka ukingo wa juu wa nyuma hadi kando ya reli, kisha napitisha ya mlalo, chini, juu, chini, juu, kama mtu anayesuka mkeka. Kila inapokutana naweka tone la gundi ya moto kwa ile bunduki ya umeme. Matundu yanayobaki yawe makubwa kiasi cha kupita ngumi. Katika hatua hii kazi inakwenda kasi na inafurahisha, kwa sababu mlima unaonekana jioni ile ile, na ukiona kilele kimekaa vibaya unakikandamiza kwa kiganja kinashuka. Ukiona ubavu umenyooka mno, unakata mkanda mmoja unauunga upya. Nilikaa siku nne nikifanya hivyo tu, na ramani ya kontua, yaani ya mistari ya kimo, imebandikwa ukutani. Nakiri ramani ile haikunisaidia kama nilivyotarajia: kontua zake ziko kila mita 20, ambazo mezani kwangu ni karibu sentimita 17, na kati ya mstari mmoja na mwingine linapotea bonde zima. Kilichonisaidia ni picha nilizopiga dirishani mwa behewa.

Juu ya mifupa yanakuja magazeti. Mwanzoni niliyabandika kwa uji wa unga wa ngano, kama tulivyofanya shuleni. Unashika vizuri na gharama yake ni kama hakuna. Lakini panya waliuingia mlima kutokea chini wakala ubavu mmoja karibu wote. Watu wa zamani waliobandika vitabu walikuwa wanaweka mrututu, ile dawa ya shaba ya rangi ya bluu, kidogo kwenye uji ili wadudu wasisogee, na mrututu tunao wa kutosha mkoa huu kwa sababu ya kahawa. Sikuutumia. Ni sumu, na mikono iliyo kwenye mlima wangu mara nyingi ni ya mtoto. Nikahamia gundi nyeupe ya maseremala, nusu gundi na nusu maji. Matabaka mawili ya gazeti yanatosha, lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika unalala na kupotea.

Halafu chandarua. Hapa naomba usikilize, maana ndiyo siri yenyewe. Wajenzi wa Ulaya na Marekani wanatumia bandeji yenye jipsam, ile ile anayofungwa mtu aliyevunjika, tunayoita hogo. Ni nzuri, ila kwenye duka la dawa bei yake haifai kwa mlima. Nikawaza nyuzi za fundi wa dari, nikakumbuka chandarua kilichochanika tulichokuwa tumekiweka kufunika miche. Nikakiloweka na kukifua mara tatu kwa sababu ya dawa iliyomo, nikavaa glavu, nikakikata vipande vya ukubwa wa daftari. Ukikichovya kwenye jipsam nyembamba na kukitandaza juu ya gazeti, kinashuka kwenye kila bonde, na yale matundu madogo yanajaa. Tabaka moja kila mahali, mawili kwenye mdomo wa handaki na kwenye kingo zinazoshikwa wakati wa kubeba. Kikikauka unagonga kwa kidole unasikia mlio kama wa kibuyu.

Jipsam ina adabu zake. Maji yatangulie kwenye bakuli, unga ufuate, ukinyunyizwa taratibu mpaka uanze kubaki juu, kisha ndipo ukoroge, tena polepole ili usiingize mapovu. Changanya kidogo kidogo, kikombe kimoja kimoja. Ukitaka ichelewe kushika, tone la siki linasaidia. Usimwage mabaki kwenye sinki. Na hapa Mbeya, kuanzia Juni hadi mwisho wa Julai, inashika kwa wakati wake lakini haikauki. Inabaki na ubaridi kiganjani siku tano, sita. Usipake rangi. Subiri mpaka ubaridi uishe.

Upande wa reli nimetumia stairofomu, lile povu jeupe linalokuja na televisheni na friji. Wauza vyombo vya umeme wanalitupa. Ni jepesi kiasi cha kutoamini: kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia hakifiki nusu kilo. Njia ya treni yote imelala juu yake, imekatwa mshazari ili reli ipande sentimita 2 kwa kila mita 1. Linakatika vizuri kwa kisu cha mkate chenye meno, kikiwa kikali. Wengine wanatumia waya wa moto unaopitishiwa umeme wa betri. Unakata kama siagi, lakini moshi wake si wa kuvuta, na mimi sina nafasi ya wazi ya kufanyia hivyo mvua zikiwepo. Kisu kinaacha punje nyeupe zinazorukia nguo na nywele. Fanya kazi mahali palipofungwa, kusanya punje zote kwa kitambaa kibichi, usiziachie upepo wa Agosti uzipeleke kwenye mfereji wa jirani, na usizichome.

Jambo moja kuhusu stairofomu lilinigharimu wiki mbili. Nilibandika vipande vyake kwa gundi ya viatu, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mashimo yenye kingo laini kama nta iliyoyeyuka, reli imening'inia. Gundi ile ina kiyeyushi kinacholila povu lile, na petroli, thina na rangi nyingi za kupuliza zinafanya hivyo hivyo. Gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji, gundi ya moto isiyochemka sana: hivyo ndivyo vinavyokaa nalo salama.

Fremu ni mbao za mpaina, inchi 2 kwa 1, na hapo ushauri wangu ni mfupi. Nunua zilizokauka. Mbao nyingi zinatoka Mafinga zikiwa bado na maji, na niliyoiunganisha mwezi wa nne ilikuwa imejipinda kufikia wa saba.

Sasa ngozi. Vumbi la mbao lililochekechwa, vikombe vitatu, jipsam kikombe kimoja, gundi nyeupe nusu kikombe, na rangi ya maji ya kahawia mpaka iwe kama ugali mlaini wa mtoto. Unaipaka kwa kidole kilicholowa, unene wa ganda la karanga. Rangi ikiwa ndani ya mchanganyiko, siku mlima ukigongwa na kubanduka hautaonyesha kidonda cheupe.

Kuhusu miamba nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu mwamba wa jipsam uliomiminwa kwenye kalibu ni mzuri lakini unarudisha kilo zote ulizozikimbia. Jibu la kwanza lilitoka kwenye viwanda vya mbao: gome la mpaina. Likivunjwa, kingo zake zina matabaka na nyufa kama ukuta wa mlima uliokatwa na wajenzi wa reli, na ukilipaka kijivu kisha ukasugua rangi nyeupe kavu juu yake, hakuna anayejua. Jibu la pili ni jiwe kweli. Mlima Rungwe ni volkano, na ulipolipuka zamani ulimwaga pumisi, lile jiwe lenye vitundu ambalo wengi tunalisugulia visigino. Ni jiwe linaloelea kwenye maji. Linakatika kwa msumeno wa chuma, linachongeka kwa tupa, linabeba rangi vizuri. Nilipoweka bonge la ukubwa wa ngumi kwenye mizani ya jikoni, nilirudia kupima mara mbili. Nimelitumia chini ya daraja tu, kwenye kitanda cha mto, kwa sababu jiwe la volkano halina kazi kwenye kuta za kule Mpanga. Kwenye kuta ni gome. Mto niliona unaweza kunisamehe.

Udongo ni udongo wenyewe. Mwekundu nimeuchukua kandokando ya barabara ya Iringa, wa kijivu hapa Uyole. Chekecha kwa kitambaa cha soksi, kaanga kwenye sufuria kuukuu ili mayai ya wadudu yafe, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Fanya hivyo hata kama unaona ni usumbufu. Udongo wetu una chembe za chuma, na zikirukia kwenye mota ya kichwa cha treni zinang'ang'ania sumaku ya ndani, na mota hiyo ndiyo kwaheri. Udongo unanyunyizwa juu ya gundi mbichi, kisha unaongezewa maji ya gundi yenye tone la sabuni ya vyombo, ili yazame badala ya kusimama kama umande. Ujue kwamba ukikauka rangi yake itakuwa imekolea zaidi kuliko ilivyokuwa mkononi.

Majani nimetengeneza kwa mabaki ya godoro, yale yanayouzwa kwa kilo kujazia mito. Nayaloweka kwenye rangi ya maji iliyochujuka, nayakamua, nayakausha, nayasaga kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama iliyostaafu jikoni. Mashine hiyo isirudi jikoni. Rangi ziwe nne au tano, kwa sababu hakuna kijani kimoja kutoka Mlimba hadi juu. Chini kuna kijani kizito chenye weusi, katikati kuna cha mgomba, na ukikaribia Makambako mwezi wa nane nyasi ni za rangi ya mkate.

Mipaina ni furaha ya binti yangu. Anachukua waya mbili, anapanga nyuzi fupi za katani katikati, anafunga ncha kwenye drili ya mkono na kuzungusha. Katani inajisokota inakuwa kama brashi ya kuoshea chupa. Anaipunguza kwa mkasi, nyembamba juu, pana chini, anaichovya kwenye gundi na kuibiringisha kwenye unga wa godoro. Ameshatengeneza 140. Ana daftari lake la kuhesabia. Wiki iliyopita aliniambia kwamba mipaina ya kupandwa inakaa kwenye mistari na mimi nilikuwa nimeichomeka ovyo. Tukaing'oa. Kwenye ganda jepesi mti unang'oka kwa vidole, na tundu lake linazibwa kwa mate na vumbi.

Nilipomaliza nilipima kila kitu nilichokuwa nimekiandika. Fremu na plaiwudi ya pembeni kilo 4.1. Stairofomu kilo 0.7. Ganda, yaani boksi, gazeti, chandarua na jipsam, kilo 2.2. Udongo, mawe na mimea kilo 1.3. Reli, nyaya na daraja kilo 0.95. Jumla 9.25. Ukiangalia vizuri utaona mlima wenyewe haudaiwi tena kitu. Mbao ndizo nzito, na meza ya pili nitaijenga kwa fremu ya plaiwudi nyembamba iliyotobolewa.

Mjomba wangu alikuja Desemba. Alifanya kazi kwenye gengi la njia upande wa Uchindile, miaka ya 1980, kazi ya kutembea na reli kwa miguu na kuiangalia. Ule mlima wa saruji aliuona ulipokuwa mzima, akasema ni mzuri, akanywa chai. Safari hii nilimwekea kiti barazani, tukautoa mlima nje, nikawasha treni: kichwa kimoja na mabehewa mawili. Hakuangalia treni. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na tuta lililo kati ya handaki la kwanza na daraja, akaweka kidole juu kabisa ya ubavu, akakishusha taratibu kwenye bonde dogo nililolipenda sana, kati ya miamba miwili ya gome. Kidole kikafika kwenye tuta, kikasimama.

"Mjomba, maji haya yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Mvua ya saa moja tu," akasema, "tuta hili halipo. Reli inabaki inaning'inia kama kamba ya nguo. Hapa pana kalavati. Lazima."

TAZARA ina makalavati zaidi ya 2,000. Namba hiyo nimeifundisha darasani, na mezani kwangu halikuwepo hata moja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia alipouona ule wa kwanza, maana na ule ulikuwa na bonde kama hili na tuta kama hili.

Alinitazama kama anayeona swali lenyewe ni geni. "Ule si ulikuwa saruji. Ningekwambia ukafanye nini?"

Binti yangu alileta kisu cha mkate bila kuagizwa. Tukaulaza mlima ubavu, mjomba akashika taa ya simu kwa chini, ndani ya ganda, mwanga ukapenya kwenye gazeti tukaona kila mkanda wa boksi ulipo. Nikatoboa katikati ya mikanda miwili, nikapitisha kisu kwenye stairofomu hadi upande wa pili, nikaviringisha kipande cha kadi kuwa bomba, nikakisukuma ndani. Mjomba akakivuta kidogo kitokeze mbele, akasema maji yasimwagike kwenye mguu wa tuta, yarukie mbali. Tukaziba kingo kwa ule ugali wa vumbi la mbao. Haikufika nusu saa, na hapakuwa na ufa.

Akaegemea kiti, akapokea chai yake. Kisha akaweka kikombe chini, akanyoosha kidole juu ya mdomo wa handaki la pili.

"Na yale ya pale?"

Nikamwambia binti yangu asogeze taa.